Kutia Majira

Datsun yangu ya mkate ilikuwa inakunywa.
Lita sita Wete hadi Konde na kurudi,
na nyuma mna boflo mia mbili tu,
nyepesi kama manyoya.
Kila fundi alikimbilia kabureta.
Wa kwanza aliikosha, kwa petroli yangu mwenyewe.
Wa pili akaikosha tena.
Wa tatu akaniuzia sindano mpya iliyokwishatumika.
Nyumbani mke wangu Time
akaanza kuhesabu fedha kwa sauti.

Ndipo nikenda Limbani kwa Bi Chumu Faki,
aliyerithi kwa babake banda la bati, jiliwa,
na sikio.

Hakuigusa kabureta.
"Washa," akanambia. Nikawasha.
Akainamisha kichwa
kama anayemsikiliza mtoto akisoma juzuu chumba cha pili.
"Inachelewa hii.
Cheche inafika karamuni, watu wanakosha sahani."

Akafungua kifuniko cha distributa,
akazisugua platini kwa msasa,
akapima mwanya wake kwa ganda la kiberiti
(kipimo chenyewe kimeazimwa tangu Ramadhani, hakijarudi).
Akanipa spana kubwa:
"Zungusha injini kwa mkono. Taratibu."
Nikazungusha mpaka alama ya kwenye puli,
aliyoipaka rangi ya kucha, nyekundu,
ikatazamana na mwenziwe.
Akalegeza nati moja.
Akaunga kitaa cha pikipiki,
waya mmoja kwenye koili, mmoja bodini.

"Petroli si baruti," akasema.
"Moto wake unatembea, una nyayo.
Ukiuwasha pistoni ishafika juu
utaifukuza mgongoni ikishuka,
haitasukumwa,
na moto utatoka kwa ekzosi ungali unawaka.
Fedha zako hizo.
Basi washa kabla.
Kabla kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hakujibu. Akaizungusha distributa
kinyume cha mwendo wake,
upana wa uzi wa kushonea kofia.
Kitaa kikawaka. Akakaza.

Nikataka kusema kwamba hata maneno ni hivyo,
kwamba na miye nilichelewa,
kwamba siku niliyokwenda kumtaka radhi ndugu yangu Shaame
nilifika Mkoani meli ishang'oa.
Akanikata:
"Usinitilie mafumbo kwenye distributa. Shika kitambaa."

Tukaipeleka kilima cha Finya,
gia ya tatu, mguu chini.
Ikagonga. Ti-ti-ti-ti,
njugu mawe ndani ya kopo.
"Sasa imewahi mno. Huo ni moto
unaoipiga pistoni usoni, nayo ingali inapanda.
Ukiuzoea mlio huo, utakuja kwangu na pistoni ina tundu."
Akashuka, akarudisha nusu uzi.
Tukapanda tena. Njugu tatu.
Akashuka, kanga imeshika grisi,
mwanafunzi wa baiskeli akasimama kututazama.
Njugu moja.
Akashuka.

Mara ya nne kilima kilikuwa kimya,
nikasikia boflo zikisuguana ndani ya matenga,
kitu ambacho sijakisikia tangu niinunue gari.

"Hapo," akasema.

Alitaka elfu nane.
Nikamwongeza boflo mbili, akaziminya,
akachukua moja.
"Hiyo ya pili ya jana."
Kweli ilikuwa ya jana.

Juma hili ni lita nne na nusu.
Time bado anahesabu, ila kimoyomoyo.
Kabureta iko vile vile, na vumbi lake,
haikuwa na kosa siku zote hizo,
nami niliitukana mbele za watu.

Jana nilimpigia Shaame, yuko Tanga,
saa tano za usiku.
Simu ililia hata ikakatika.
Kesho nitapiga baada ya sala ya alfajiri,
kabla hajatoka,
upana wa uzi.